Kujitolea Nyanda za Juu Kusini: Nani Huamua Kazi?

Mtu akisikia kwamba Mbeya na Iringa kuna klabu za Rotary, huenda akawaza watu wenye uwezo wanaokutana kula, kumsikiliza mgeni mwalikwa, kisha kupigwa picha wakikabidhi madawati. Dhana hiyo ina chembe ya ukweli, lakini inaficha swali zito zaidi la historia yetu: ni nani anayeamua kazi ya kujitolea iwe ipi?

Rotary ilianza Chicago tarehe 23 Februari 1905, pale wakili Paul Harris alipokutana na wenzake watatu: mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na mshona nguo. Walikutana kwa zamu katika ofisi zao, na zamu hiyo ndiyo iliyoipa klabu jina. Nia yao ilikuwa kuwaketisha pamoja watu wa kazi mbalimbali. Mwaka 1930 klabu ilifunguliwa Nairobi, mji ambao makazi, shule na hospitali ziligawanywa kwa rangi ya ngozi. Tena, kwa miongo mingi wanawake hawakuruhusiwa kuwa wanachama; kanuni hiyo ilibadilishwa duniani kote mwaka 1989. Meza iliyosifiwa kwa udugu ilikuwa na viti vya wachache.

Hata hivyo, tusidhani kwamba ushirika wenyewe uliletwa na wageni. Huko Rungwe, Wanyakyusa walikuwa na vijiji vya marika, ambamo vijana wa rika moja walijenga nyumba zao na kuishi pamoja. Walienzi ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzako, kula nao, kuzungumza nao na kujifunza busara kwao. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko miaka ya 1930, aliona kwamba jamii nzima ilijengwa juu ya thamani hiyo. Mazungumzo hayakuwa mapambo ya kazi; ndiyo yaliyoifanya kazi iwe ya wote.

Baada ya mwaka 1961, chini ya wito wa Uhuru na Kazi, wananchi walijenga barabara, madarasa na zahanati kwa mikono yao. Lakini taratibu kujitolea kukageuka amri. Mfano mchungu zaidi uko kwa jirani zetu wa Songea. Chama cha Maendeleo cha Ruvuma kiliunganisha vijiji kama Litowa, ambavyo wanakijiji wenyewe walipanga kilimo na shule yao. Mwaka 1969 chama tawala kilikivunja, ingawa kilikuwa kikitekeleza kwa vitendo ujamaa uliohubiriwa majukwaani. Kosa lake, nionavyo mimi, lilikuwa kuamua bila kusubiri maelekezo.

Hivyo tumerithi mazoea mawili: amri kutoka juu na hisani kutoka nje. Yote mawili humwachia mwanakijiji nafasi ya kuchimba mtaro au kupiga makofi.

Ipo njia nyingine, nayo tuliiona hivi karibuni. Tangu mwaka 1985 Rotary imechangia fedha na nguvu katika vita vya dunia dhidi ya polio. Mwezi Februari 2022 Malawi ilitangaza mgonjwa wa polio jijini Lilongwe, na mwezi Machi Tanzania ikaanza kuchanja watoto wa chini ya miaka mitano katika mikoa ya mpakani: Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma. Fedha na chanjo zilitoka mbali. Lakini mama hamfungulii mlango fedha. Humfungulia mtu anayemfahamu. Kampeni ya nyumba kwa nyumba humhitaji yule ajuaye kaya ipi ina mtoto mchanga na baba yupi ana shaka.

Ndiyo maana nashauri klabu za Mbeya na Iringa zitazame upya orodha ya wageni wao waalikwa. Mabenki na mabalozi waendelee kualikwa. Lakini aalikwe pia mhudumu wa afya wa kitongoji, au mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji, asiitwe kushukuru bali kueleza kwa nini pampu iliyozinduliwa kwa shangwe imekaa bila kutoa maji. Kisha aulizwe angeanza na nini, na jibu lake liingizwe katika mpango wa mwaka.