Tembo wa Mikumi na Kitendawili cha Saratani

Abiria anayetoka Morogoro kwenda Iringa hupita takribani kilomita 50 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kabla ya kuufikia mji mdogo wa Mikumi, wilayani Kilosa. Humo njiani basi huweza kusimama kupisha tembo. Dume aliyekomaa hufikia tani 6, uzito wa watu zaidi ya 80, na tembo huweza kuishi miaka 60 hivi. Mwili mkubwa namna hiyo, na wa umri mrefu namna hiyo, ungetarajiwa kushambuliwa mno na saratani, lakini haiwi hivyo. Ili tuelewe sababu, yatupasa turudi nyuma karne moja.

Mwaka 1914 Theodor Boveri, mwanabiolojia wa Ujerumani, alieleza kwamba uvimbe wa saratani huanzia kwenye seli moja ambayo kromosomu zake zimevurugika. Swali likabaki: ni seli ya aina gani? Seli za utando wa utumbo, kwa mfano, hudumu siku chache tu, na kosa lililomo hufa pamoja nazo.

Mwanga ulipatikana Toronto mwaka 1961. Watafiti James Till na Ernest McCulloch waliwapiga panya mionzi iliyoua uboho wao, kisha wakawadunga uboho wa panya wazima. Baada ya siku kadhaa vinundu vidogo viliota kwenye wengu, na baadaye ikathibitika kwamba kila kinundu ni uzao wa seli moja. Hizo ndizo seli shina: hudumu muda mrefu, hugawanyika, na huzaa seli za kujaza nafasi za zilizokufa.

Tabia hiyo hiyo inayotuweka hai ndiyo inayotuponza. Kila seli inapogawanyika hunakili vinasaba vyake vyote, na mnakili hakosi kukosea. Seli shina huwarithisha watoto wake kosa la kwanza, kisha huishi hadi kupata la pili na la tatu. Tayari mwaka 1954 watafiti Peter Armitage na Richard Doll walikuwa wamechambua takwimu za vifo na kuonyesha kwamba saratani nyingi huhitaji hatua kama 6 au 7. Ndiyo maana huwapata zaidi wazee. Si kila saratani huanzia kwenye seli shina, lakini seli hizo ndizo zenye muda zaidi wa kulimbikiza makosa.

Mwaka 1977 mtafiti Richard Peto wa Uingereza aliona kasoro katika hesabu hiyo. Ikiwa kila mgawanyiko ni hatari, mnyama mwenye seli nyingi zaidi angeugua zaidi. Mbona binadamu hapati saratani zaidi kuliko panya, wala tembo zaidi kuliko binadamu?

Miaka miwili baadaye iligunduliwa protini ya p53, ambayo huisimamisha seli iliyoharibika au huiamuru ijiue. Mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti, la Joshua Schiffman huko Utah na la Vincent Lynch huko Chicago, yalitangaza kwamba binadamu hurithi nakala 1 ya jeni ya p53 kutoka kwa kila mzazi, ilhali tembo hurithi 20. Schiffman alitumia damu ya tembo wa bustani ya wanyama na wa sarakasi. Ilipopigwa mionzi, seli zao zilijiua karibu mara mbili ya zile za binadamu.

Wapo wanaosema kwamba siri ni mwili mkubwa kufanya kazi polepole. Huenda hilo lina mchango, lakini halielezi kwa nini seli zilizoumizwa kwa mionzi ile ile zilitofautiana. Wengine wanakumbusha kwamba nakala nyingi za tembo si kamili, na kwamba zilizopimwa ni seli za damu, si seli shina zenyewe. Mwaka 2018 kundi la Lynch liliongeza kwamba p53 huamsha jeni nyingine ya tembo, LIF6, nayo huiua seli. Maelezo haya yanakamilishana kuliko yanavyopingana.

Basi likiondoka na tembo akipotelea kwenye nyasi za uwanda wa Mkata, humo hifadhini, mwilini mwake makosa yanaendelea kutokea kama mwilini mwa abiria. Tofauti ni kwamba kwake seli iliyokosea hufa mapema, kabla haijapata kizazi.