Kukimbia, Kuchelewa, Kupishana

Mswahili ana namna tatu za kuisema saa isiyoelewana naye. Saa inakimbia. Saa inachelewa. Saa zinapishana. Mbili za mwanzo ni maradhi ya saa moja peke yake. Ya tatu inadai saa mbili, wala haitamki kwamba mojawapo ina kosa. Mgawanyo huu umo katika lugha tangu zama za saa za kutia ufunguo, na ni mgawanyo ule ule anaouhitaji mtu anayekesha akitazama dashibodi ya seva. Lakini katika vyumba vya TEHAMA kauli inayotawala ni moja: "muda hauko sawa." Ukisikia hivyo hujui kama seva imepotea au imepishana tu na mwenzake, na dawa za mambo hayo mawili hazifanani hata kidogo.

Tunduma wanaijua tofauti hiyo bila kufundishwa. Mji huu wa mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, umebanana na Nakonde ya Zambia kiasi kwamba mtu huvuka kwa miguu kwenda kununua kitu na kurudi. Tanzania iko saa tatu mbele ya saa ya ulimwengu, ile inayoitwa UTC. Zambia iko saa mbili mbele. Simu ikivuta mnara wa ng'ambo, saa inarudi nyuma saa nzima huku mwenye simu amekaa kwenye kiti chake. Hapo watu husema simu imeshika Zambia. Hakuna anayesema simu imeharibika. Anayepanga kukutana na mtu atauliza, "saa za kwetu au saa za Zambia?" Katika swali hilo fupi kuna kanuni ambayo wataalamu wa mifumo wameiandika kwa kurasa nyingi: saa isiyotajiwa mahali pake bado haijawa taarifa kamili.

Jua lenyewe, kwa kweli, liko upande wa Zambia. Saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, unaopita Somalia bila kuigusa Tanzania. Tunduma iko karibu na nyuzi 33. Kwa hiyo jua la utosi huwafikia kwa wastani saa sita na dakika 49 mchana, na mwezi Juni linachomoza karibu saa moja kamili asubuhi. Hesabu yetu ya saa, inayoanza kuhesabu mchana kutoka saa kumi na mbili alfajiri, ingewakaa vizuri zaidi kama wangetumia saa za Nakonde. Nalisema hili kwa sababu kuna watu wanaodhani saa ya nchi yao ndiyo ya kweli na ya jirani ni hitilafu. Zote ni makubaliano.

Sasa chukua lori. Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walizindua kituo cha huduma za pamoja mpakani hapo. Mpangilio wake ni kwamba anayetoka Tanzania hamalizani na maofisa wa Tanzania halafu akaanza upya kwa wa Zambia. Anawakuta wote pamoja upande wa Nakonde, na anayeingia Tanzania anawakuta wote Tunduma. Maana yake kompyuta iliyokaa kwenye ardhi ya Zambia inaweza kuandika kumbukumbu ya serikali ya Tanzania. Tuseme mfumo mmoja umeandika kwamba lori limeruhusiwa kutoka 14:20, na mwingine umeandika kwamba limepokelewa 13:35. Zipange kumbukumbu hizo kwa mfuatano wa namba, na lori litakuwa limeingia Zambia dakika 45 kabla halijatoka Tanzania. Zisome kila moja kwa saa za mahali pake, na utakuta zimepita dakika 15 tu za kawaida. Hakuna saa iliyokosea. Kilichokosekana ni neno moja kando ya kila namba.

Ukubwa wa pengo ndio unaomtaja mhusika, na hapa fundi wa Songwe anafaidi kuliko wa Dodoma. Pengo la saa moja kamili: kuna kifaa kimeshika Zambia. Pengo la saa tatu kamili: kuna programu inayosoma UTC na nyingine inayosoma saa za hapa. Prometheus, programu ya kukusanya vipimo vya seva, kwa mfano, huhifadhi kila kipimo kwa UTC, na Grafana, programu ya dashibodi, iliyoachwa na mipangilio yake ya mwanzo huonyesha vipimo hivyo hivyo kwa saa za kivinjari cha anayetazama, hivyo watu wawili wanaweza kubishana juu ya tukio moja. Saa tatu hizo hizo hujitokeza pia kwenye kompyuta yenye Windows na Linux pamoja, kwa kuwa Windows huiandika saa ya ubao mama kwa saa za hapa na Linux huichukulia kuwa ni UTC. Pengo la saa tano: angalia kamera ya ulinzi au kinasa picha kilichofika dukani kikiwa bado na saa za China. Pengo la saa sita ni letu wenyewe. Mlinzi akipiga simu kwamba mtandao ulikatika saa mbili, naye anamaanisha saa mbili usiku, na fundi akaenda kutafuta 02:00 kwenye logi badala ya 20:00, atatafuta mpaka achoke. Na tarehe ikisomeka 1 Januari 1970 saa tisa usiku, mtu asishangae ile saa tisa. Kompyuta nyingi huhesabu sekunde tangu usiku wa manane wa siku hiyo kwa UTC, na kwetu ulikuwa saa tisa. Kifaa kimeanza kuhesabu kutoka sifuri, mara nyingi kwa sababu betri yake ndogo imekufa.

Mapengo yasiyo kamili ni habari nyingine kabisa. Dakika nne na sekunde kumi na kitu, na kesho dakika nne na nusu: hiyo ni saa inayokimbia au kuchelewa, na dawa yake ni kuilinganisha. Kulinganisha saa ni neno la siku zote, na linatosha kabisa kwa kazi ambayo itifaki ya NTP, iliyoasisiwa na David Mills katika miaka ya 1980, inaifanya kimyakimya kati ya seva na seva. Saa zinazopishana hazilinganishwi. Zinasomwa tu. Madhara makubwa huanzia hapo: mtu anaona dashibodi iko nyuma saa tatu, anaingia kwenye seva na kuisukuma saa mbele kwa mkono. Dashibodi inapendeza. Lakini sasa seva inaamini kwamba wakati wa dunia ni saa tatu mbele ya ulivyo, vyeti vya usalama vinaweza kuanza kukataliwa, na Kerberos, itifaki ya kuthibitisha watumiaji ambayo kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika tano tu, inafunga mlango. Alikuwa na saa zilizopishana, akatengeneza saa iliyopotea.

Kabla ya kugusa chochote, andika timedatectl kwenye seva ya Linux. Mistari ya juu inakupa saa ya hapa, saa ya ulimwengu na saa ya ubao mama, kisha jina la eneo: Africa/Dar_es_Salaam, na kando yake +0300. Kama saa ya ulimwengu ni sahihi, seva haina ugonjwa. Tafuta aliyeisoma vibaya.

Ile +0300 ndiyo ninayoitafutia jina. Simu zetu tayari zinasema "saa za eneo", na ni tafsiri ninayoipenda, maana inataja wenyeji kabla ya kutaja ramani. "Ukanda wa saa" unanipa picha ya mistari iliyonyooka ambayo haipo Tunduma. "Muhuri wa wakati" nao umezoeleka, na uendelee. Wakati ni ule mmoja, wa Tunduma na Nakonde pamoja; saa ni namna kila upande unavyousoma. Anayesema "muhuri wa saa" anafuta mpaka huo. Lakini kwa tofauti yenyewe, ile saa tatu au mbili inayobandikwa mwishoni mwa muhuri, watu huzunguka kwa maneno mengi. Napendekeza mpishano. Muhuri kamili uwe na tarehe, saa na mpishano, na usio na mpishano urudishwe kwa aliyeuandika kama hundi isiyo na sahihi.

Neno hilo lingetufaa hata kwa kazi za nyuma. Hazina ya saa za dunia ambayo karibu kila seva huitegemea ina kumbukumbu kwamba mpishano wa Dar es Salaam haukuwa saa tatu siku zote: kuanzia 1948 hadi 1961 inautaja kuwa saa mbili na dakika 45. Ila kumbukumbu hiyo imewekwa kwenye faili la pembeni. Katika seva isiyolitumia faili hilo Africa/Dar_es_Salaam ni kiungo tu cha Africa/Nairobi, na Nairobi ilikwisha kuingia kwenye saa tatu mwaka 1942. Kwa hiyo anayeingiza kwenye seva kama hiyo daftari la Tanganyika la mwaka 1955, likiwa na saa zilizoandikwa kwa wino, atapewa mpishano wa Nairobi bila kuambiwa, na kila tukio litasogea kwa robo saa. Afadhali auandike mpishano mwenyewe, +02:45, mstari kwa mstari.