Sapu, keri na disko: nini hutokea mwanafunzi wa chuo kikuu asipofaulu

Matokeo ya mwisho wa mwaka yanapotoka vyuoni, wasikilizaji wetu hutuuliza swali moja kwa namna nyingi. Mzazi anauliza: "Mwanangu ana sapu mbili, maana yake amefukuzwa?" Mwanafunzi anauliza: "Nimedisko. Naweza kurudi?" Na wapo wanaoanza kuuliza baada ya muda kupita, kwa sababu kijana alikaa mjini mwaka mzima akiogopa kusema nyumbani kwamba chuoni hayupo tena.

Katika makala hii tunaeleza ngazi anazopitia mwanafunzi wa shahada ya kwanza nchini Tanzania anapoyumba kimasomo, kuanzia kufeli somo moja hadi kuondolewa chuoni, na njia za kurudi. Kila chuo kina kanuni zake zinazopitishwa na seneti, chini ya miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Sisi tumechukua kama kielelezo kanuni ambazo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimezitumia kwa miaka mingi, kwa kuwa vyuo vingi vya umma vina mfumo unaofanana nazo.

Herufi na pointi zake

Katika somo la kawaida, alama 40 kati ya 100 hutokana na kazi za muhula: majaribio, kazi za vikundi na za mtu mmoja mmoja. Alama 60 zilizobaki hutokana na mtihani wa mwisho, ambao wanafunzi huuita UE. Jumla yake hugeuzwa kuwa herufi, na kila herufi ina pointi:

- A: alama 70 hadi 100, pointi 5
- B+: alama 60 hadi 69, pointi 4
- B: alama 50 hadi 59, pointi 3
- C: alama 40 hadi 49, pointi 2
- D: alama 35 hadi 39, pointi 1
- E: alama 0 hadi 34, pointi 0

C ni kufaulu. D na E ni kufeli. Vyuo vya afya hudai zaidi: Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili huhesabu ufaulu kuanzia alama 50.

Kila somo pia lina uzito wake, yaani krediti. Mwaka mmoja wa masomo huwa na krediti 120. Pointi za kila somo huzidishwa kwa krediti zake, zote hujumlishwa, kisha jumla hugawanywa kwa krediti za mwaka. Jibu ndilo GPA. Hesabu huishia kwenye nafasi moja ya desimali bila kupandishwa: 1.79 huandikwa 1.7, wala si 1.8.

Wengi huijua GPA kwa daraja la mwisho tu: 4.4 na kuendelea ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 ni la pili la chini, na 2.0 hadi 2.6 ni ufaulu wa kawaida. Lakini kwa mwanafunzi aliyeyumba kuna namba mbili nzito kuliko hizo zote: 1.8 na 2.0.

Namba mbili zinazoamua

Namba ya kwanza ni 1.8. Mwanafunzi aliyefeli somo au masomo huruhusiwa kurudia mitihani hiyo iwapo GPA yake ya mwaka, kabla ya kurudia, ni 1.8 au zaidi. Ikiwa chini ya hapo, huondolewa chuoni bila kupata nafasi ya sapu.

Namba ya pili ni 2.0. Baada ya sapu, GPA ya mwaka lazima ifike hapo ndipo mwanafunzi avuke kwenda mwaka unaofuata.

Tuchukue wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza, kila mmoja ana masomo kumi ya krediti 12. Kwa kuwa masomo yana uzito sawa, inatosha kujumlisha pointi na kugawanya kwa kumi.

Mwanafunzi wa kwanza amefeli masomo matatu: ana D mbili na E moja. Katika saba alizofaulu ana B tatu na C nne. Pointi zake ni 2 za masomo aliyofeli, 9 za B na 8 za C. Jumla ni 19, GPA ni 1.9. Anakwenda kwenye sapu.

Mwanafunzi wa pili amefeli masomo mawili tu, yote kwa E. Nane alizofaulu zote ni C. Pointi zake ni 16, GPA ni 1.6. Huyu ameondolewa.

Hapo ndipo familia nyingi hushangaa. Aliyefeli matatu amebaki, aliyefeli mawili ameondoka. Hakuna upendeleo hapo, ni hesabu. Laiti mwanafunzi wa pili angepata alama 35 badala ya 34 katika kila moja ya masomo hayo mawili, angekuwa na D mbili, pointi 18 na GPA ya 1.8, na angebaki. Kwa hiyo somo ambalo mwanafunzi ameshaliona limepotea bado lina thamani. Kuingia kwenye mtihani na kuandika anachokijua kunaweza kuwa ndiyo tofauti ya kubaki na kuondoka.

Jambo la pili la kuona hapo: mwenye C tupu katika masomo yote ana GPA ya 2.0 kamili. Amefaulu, lakini amesimama ukingoni, hana akiba. B moja au mbili katika masomo anayoyaweza ndizo zinazomshika siku anapoteleza kwingine.

Sapu

Sapu ni mtihani wa marudio wa somo lililofeliwa, na hufanyika kabla ya mwaka mpya wa masomo kuanza. Kuwa na sapu si kufukuzwa. Ni nafasi ya pili, ila ina masharti yake. Hata mwanafunzi akipata alama 80 kwenye sapu, herufi inayoandikwa ni C. Mtihani huo humtoa kwenye shimo, haumpandishi kilimani.

Turudi kwa mwanafunzi wetu wa kwanza. Akifaulu sapu zote tatu, pointi zake zinakuwa 23 na GPA 2.3, anavuka. Asipofaulu hata moja, GPA inabaki 1.9, chini ya 2.0, anaondolewa.

Keri

Je, akifaulu mbili na moja ikabaki na D? Pointi ni 22, GPA 2.2. Huyu anavuka mwaka akiwa amelibeba somo lile moja. Wanafunzi huita keri. Atalisoma tena pamoja na wadogo zake wa mwaka wa nyuma, juu ya masomo yake mapya.

Keri huonekana nafuu, lakini hugongana na ratiba, huongeza mzigo wa kazi na huweza kumchelewesha mtu kuhitimu. Hakuna shahada inayotolewa kwa mwenye keri ambayo hajaimaliza. Na muda wa kuzimaliza si wa milele: kila programu ina kikomo cha miaka ambayo mwanafunzi anaweza kubaki amesajiliwa.

Disko

Neno hili la wanafunzi lina maana moja: kuondolewa masomoni. Tumeshaona milango miwili inayoelekea huko, GPA chini ya 1.8 kabla ya sapu na chini ya 2.0 baada yake. Ipo mingine miwili isiyohusu uwezo wa darasani. Mmoja ni kutofika kwenye mtihani bila sababu inayokubalika. Mwingine ni udanganyifu: kukutwa na karatasi, simu au kitu kingine kisichoruhusiwa ndani ya chumba cha mtihani.

Watu huchanganya disko na kusimamishwa masomo. Kusimamishwa kwa kawaida ni adhabu ya nidhamu yenye muda wake, na ukiisha mwanafunzi hurudi. Aliyedisko amefutwa kwenye orodha ya wanafunzi.

Majirani wana mpangilio tofauti kidogo. Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda kina hali ya kati inayoandikwa rasmi: mwanafunzi ambaye GPA yake ya jumla iko chini ya 2.0, au aliyefeli somo la lazima, huwekwa katika kipindi cha uangalizi na huendelea na masomo akijua yuko hatarini. Katika mfumo tunaoueleza hapa, onyo linalofanana na hilo ni sapu yenyewe. Ndiyo maana haifai kuichukulia kama jambo la kawaida la chuoni.

Kuugua, kufiwa, kukosa ada

Wapo wanaoanguka kwa sababu mwaka ulikuwa mbaya, si kwa sababu somo liliwashinda. Kanuni zina njia kwa ajili yao, ila njia hizo hufunguliwa kwa barua inayofika kwa wakati.

Aliyeugua au kupatwa na msiba wakati wa mitihani anaweza kuomba mtihani maalumu. Huu si sapu. Huhesabiwa kama mtihani wa mara ya kwanza, hivyo akipata A inaandikwa A. Anahitaji kutoa taarifa mapema na vielelezo vinavyotambulika, mfano cheti cha daktari.

Aliyeona kwamba muhula au mwaka wote hauwezekani anaweza kuomba kuahirisha masomo, akiambatanisha ushahidi wa sababu zake, na barua ya mfadhili kama anafadhiliwa. Akikubaliwa, nafasi yake inabaki. Kinachowaumiza wengi ni kuondoka kimya kimya: anakwenda nyumbani kumuuguza mama, hakuandika barua, mitihani inapita, na kumbukumbu za chuo zinamwonyesha kama mtoro. Sababu yake ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa kwenye faili.

Rufaa

Matokeo yanayobandikwa kwanza ni ya muda hadi seneti iyathibitishe. Baada ya hapo mwanafunzi anaweza kukata rufaa, kwa ada na ndani ya muda uliowekwa. Rufaa husikilizwa kwa sababu zinazohusu mtihani wenyewe: usahihishaji usio wa haki, kujumlishwa vibaya kwa alama, au jambo la aina hiyo. Kuomba huruma kwa sababu familia ni maskini si hoja ya rufaa, hata kama ni kweli.

Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, mwanafunzi achukue kalamu na aikokotoe GPA yake mwenyewe, somo kwa somo. Alama ya kazi za muhula isiyoingizwa kwenye mfumo inaweza kugeuza C kuwa E. Hilo ni kosa linaloonekana kwa macho na lina ushahidi: karatasi za majaribio zilizorudishwa. Anayezitupa karatasi hizo kabla matokeo hayajathibitishwa anajinyang'anya utetezi.

Kurudi baada ya disko

Aliyeondolewa kwa sababu za kitaaluma hawezi kuendelea pale alipoishia. Anaomba udahili upya kama mwombaji mwingine yeyote, kwa vyeti vyake vya kidato cha sita au stashahada, na kwa kawaida huanza mwaka wa kwanza. Tangu mwaka wa masomo 2017/18 maombi hupelekwa moja kwa moja vyuoni, nayo TCU huhakiki majina. Kuficha kwamba uliwahi kusajiliwa kwingine hakusaidii, kwani namba ya mtihani wa kidato cha nne humfuata mtu kila aombapo.

Njia nyingine ni kushuka ngazi ili kupanda tena. Stashahada yenye GPA ya 3.0 au zaidi inatambuliwa kama sifa ya kuomba shahada. Kwa aliyeshindwa kwa sababu msingi wa hesabu au lugha ulikuwa dhaifu, miaka miwili hiyo mara nyingi humfaa kuliko kurudi mbio kwenye programu ileile iliyomshinda.

Mkopo haufutiki

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hutoa fedha kwa mwanafunzi anayeendelea na masomo. Aliyeondolewa hapati tena, lakini deni la muda aliosoma linabaki. Akiajiriwa, hata kwa kazi isiyohitaji shahada, atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kama wanufaika wengine. Familia ijue hilo mapema, lisije likaonekana kama dhuluma siku ya mshahara wa kwanza.

Kwa mwanafunzi na kwa mzazi

Mwanafunzi, omba kitabu cha kanuni za mitihani cha chuo chako na cha mwaka wako, kisha usome sehemu ya GPA kabla ya mtihani wa kwanza. Ukianza kuyumba, mwone mhadhiri, mkuu wa idara au mshauri wa wanafunzi wakati barua bado inaweza kuandikwa.

Mzazi, usiulize tu "umefaulu?" Uliza GPA ni ngapi na sapu ni ngapi. Na kijana akikuambia amedisko, msikilize kwanza. Muda wa rufaa huhesabiwa kwa siku, na siku nyingi hupotea kwa sababu ya hofu ya kupiga simu nyumbani.