Kususiwa kwa Chanjo ya Polio Kano: Funzo la Kuhakiki Habari

Ndugu msomaji, kila inapotajwa habari ya Waislamu na chanjo, mji wa Kano, kaskazini mwa Nigeria, hutangulizwa. Husemwa kwamba mwaka 2003 masheikh wa huko waliikataa chanjo ya polio kwa ujinga tu. Sisi tunaona kuwa hiyo ni nusu ya habari, na nusu ya habari humpoteza mtu kama uongo mzima.

Tuanze na chanzo. Mwaka 1996 homa ya uti wa mgongo iliwakumba watoto wengi wa Kano. Kampuni ya Pfizer ya Marekani ikaifanyia majaribio dawa yake mpya, Trovan, katika utafiti wa watoto wapatao 200. Watoto 11 walifariki. Wazazi walidai hawakuelezwa kuwa yale ni majaribio. Kampuni ilikanusha, ikasema kilichoua ni maradhi. Kesi zilifika mahakamani, na suluhu na Jimbo la Kano haikupatikana mpaka mwaka 2009.

Basi wenye kutoa chanjo walipobisha hodi mwaka 2003, jeraha lile lilikuwa bado bichi. Baraza Kuu la Sharia la Nigeria, chini ya Datti Ahmed, ambaye mwenyewe alikuwa daktari kwa taaluma, lilitaka chanjo isimamishwe. Dai lilikuwa kwamba imetiwa dawa za kuua uzazi na virusi vya UKIMWI. Kano ikasimamisha.

Hapa ndipo penye mizani. Shaka ilikuwa na sababu, lakini sababu ya kushuku si ushahidi. Surat al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuihakiki habari tusije tukawadhuru watu bila ya kujua. Na wanazuoni wa hadithi walimuuliza kila mpokezi: umeipata kwa nani? Dai la Trovan lilikuwa na mashahidi na makaburi. Dai la utasa lilipofuatiliwa, halikufika kwa shahidi yeyote.

Wajumbe wa Kiislamu walikwenda kuishuhudia chanjo ikipimwa, na katikati ya mwaka 2004 Kano ikairejesha, kwa kutumia chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi. Lakini muda ulikwisha pita. Virusi kutoka Nigeria vilisambaa nchi nyingi, vikapita Sudan na kufika Yemen. Mwaka 2005 vikaingia Indonesia yenyewe, ambayo ilikuwa imekaa miaka kumi bila polio, na watoto wapatao 300 wakapooza. Nchi iliyowatengenezea Kano chanjo ikapokea maradhi.

Fiqhi inatufundisha kuwa madhara huondolewa, wala hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Aliyewafanyia watoto majaribio bila idhini, ikithibiti, amedhulumu. Na aliyewazuilia kinga watoto wengine kwa uvumi, naye ana la kujibu. Kosa la kwanza haliwi fatwa ya kuhalalisha la pili.

Afrika ilitangazwa kuwa huru na virusi asilia vya polio mwezi wa Agosti 2020, baada ya masheikh na watawala wa jadi wa kaskazini mwa Nigeria kusimama pamoja na watoa chanjo. Imani iliyovunjwa na watu ilijengwa upya na watu.

Nasi tunaposoma habari za wapinga chanjo, tuwasikilize kwa maneno yao wenyewe, tuangalie kumbukumbu za mahakama na matokeo ya vipimo, kisha tuhesabu watoto waliodhurika pande zote mbili. Ndipo tuhukumu.

Wallahu a'lam.