Nususpishi: Bahari Peke Yake Haitoshi

Kati ya mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, ulio bara, na kisiwa cha Mombasa upo Mkondo wa Tudor tu, bonde la mto lililomezwa na bahari maji yalipopanda baada ya enzi ya barafu. Unguja nayo iliungana na bara zama hizo, kwa kuwa mlango wa bahari uliopo baina yao una kina kifupi, na bahari ilikuwa imeshuka mita 120 hivi. Kwa hiyo hongo wa kijani, nyoka yule wa kwenye miembe na mikorosho aliyeelezewa na Andrew Smith mwaka 1849, yuko pande zote mbili na anahesabiwa kuwa spishi moja. Pemba ni habari nyingine. Mkondo wake una kina cha mamia ya mita, na huko wapo nyoka wasiopatikana kwingine, kama Lycophidion pembanum.

Maji kuwa katikati, basi, hayaamui kitu peke yake. Ndiyo maana sioni sawa kutumia "utofauti wa kijiografia" na "nususpishi" kana kwamba ni kitu kimoja. La kwanza ni jambo linalopimika: magamba ya tumbo huhesabiwa moja moja, dume kwa dume na jike kwa jike, maana jinsia nazo huweza kupishana. La pili ni uamuzi, kwamba tofauti hizo ni za kudumu na zina mpaka wake. Rangi pekee haitoshi kuutolea uamuzi huo. Hongo mchanga ana kijani cha kibuluu. Ukimlinganisha na mkubwa wa ng'ambo utadhani bahari ndiyo iliyowabadilisha, kumbe ni umri.

Wapo wanaolikataa neno nususpishi kwa hoja kwamba hakuna nusu ya nyoka. Lakini nusufainali si nusu ya fainali, na hakuna shabiki anayelalamika. "Nusu" hapo inaonyesha ngazi iliyo chini ya spishi. "Spishi ndogo" ina hatari zaidi, kwani msomaji atafikiria urefu wa mwili. Hoja nzito ni ile isemayo kwamba kundi dogo kisiwani huweza kubadilika upesi, hata miaka elfu chache ikatosha. Ni kweli, huweza. Ila uwezekano huo ni sababu ya kwenda kuhesabu magamba na kupima vinasaba pande zote za maji; jina litangoja majibu.