Hatukuruka Waya, Waya Ndiyo Ilituruka

Juzi tulikuwa tunahamisha vitu vya mathe kutoka chumba cha nyuma cha duka lake hapa Lucky Summer, nikakutana na katoni iliyofungwa na kamba ya manila. Kufungua, nikapata simu ya nyumba, ile ya kodlesi: kitako kimoja, mikono miwili ya kuongelea, na adapta iliyoyeyuka upande mmoja kama mshumaa. Mimi nikacheka. Mathe hakucheka. Alisema tu, "Hiyo ndiyo ilitaka kutuchomea nyumba."

Sasa wasee, leo nawapigia stori ya hiyo simu, lakini kuna kitu kingine kinanikwaruza ndani yake. Kila mahali watu wakizungumzia teknolojia Kenya, lazima mmoja aseme kwamba sisi "tuliruka" simu za mezani tukaenda mkononi moja kwa moja. Anaisema kama sifa, kama vile tulikaa chini mtaani tukapiga kura tukaamua waya ni ushamba. Mimi nimekulia hapa, kati ya Baba Dogo na Korogocho, moshi wa dampo la Dandora ukituamkia asubuhi. Hakuna mtu aliruka kitu. Waya ndiyo iliturukia juu ya kichwa ikienda kwa wengine.

Turudi nyuma kidogo. Simu hapa nchini zilikuwa mikononi mwa Shirika la Posta na Simu, KPTC, lililozaliwa 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Ukitaka laini ya nyumbani unajaza fomu, halafu unangoja. Sisemi kungoja wiki. Watu walingoja miaka, na wengine walihama nyumba kabla jina lao kufikiwa. Mwisho wa miaka ya 90, sensa ya 1999 ilihesabu watu zaidi ya milioni 28, na laini za mezani nchi nzima zilikuwa laki tatu hivi. Gawanya mwenyewe. Ondoa ofisi za serikali, mabenki, mahoteli na nyumba za watu wenye ua na mbwa, kisha uniambie ni ngapi zilibaki za mtu anayelipa rent kwa chumba kimoja kwenye ploti. Mathe anakumbuka akipanga foleni kwa buthi akiwa na sarafu mkononi, anarudia maneno kichwani ili akifikiwa asipoteze hata sekunde.

Ile ya mkononi nayo ilipoanza 1993, kifaa pekee kilikuwa kinafika karibu shilingi 250,000. Hiyo si simu, hiyo ni shamba.

Wakati huo huo, huko nje, kodlesi ilikuwa imeshazeeka. Mmarekani mmoja, George Sweigert, alipewa hataza ya simu ya aina hiyo mwaka 1969. Miaka ya 80 zikajaa madukani kwao, zile zenye antena ndefu ya kuvuta. Na hapa ndipo napenda sana hii historia, kwa sababu wale watu walikuwa wanatatua shida tofauti kabisa na yetu. Wao waya ilikuwa imefika mpaka sebuleni. Shida yao ilikuwa waya ni fupi, mtu anataka kuongea akiwa jikoni. Kodlesi ni redio mbili ndogo zinazozungumza: kitako kimechomekwa kwa waya ya simu na kwa stima, na mkono unazunguka nao nyumbani.

Redio maana yake ni hewa, na hewa haina mlango. Zile za zamani zilitumia mawimbi ya karibu megahetsi 46 na 49, na chaneli zilikuwa kumi tu. Jirani mwenye redio ya kunasa mawimbi angekusikiliza ukigombana na shemeji yako, neno kwa neno. Mbaya zaidi, zile za kwanza kitako hakikuwa na namna ya kujua ni mkono gani unaita. Mtu mwenye mkono kama wako, akisimama karibu na geti, alipata mlio wa laini yako na kupiga simu, na bili ikakujia wewe. Ndiyo maana zikawekewa namba za siri, na baadaye Ulaya wakatengeneza mfumo wa kidijitali unaoitwa DECT, ambao unaficha maongezi na kulazimisha kila mkono usajiliwe kwa kitako chake. Mpaka leo ukinunua ya pili mkono, jambo la kwanza ni kufuta mikono yote iliyosajiliwa na kubadilisha PIN, kwa sababu nyingi zinatoka kiwandani na 0000 na hakuna mtu huibadilisha.

Turudi mtaani. Mwaka 1999 KPTC ilikatwa vipande: Telkom upande wa simu, Posta upande wake, na tume ya kusimamia mawasiliano. Mwaka 2000 Safaricom na Kencell wakaanza kushindana na simu za mkononi zikashuka bei. Waya iliyokuwa imebaki ikaanza kuibiwa. Shaba ilikatwa usiku, ikachomwa plastiki, ikauzwa kama skrapu, na Telkom ikawa inarudisha nyaya zinazoibiwa tena. Miaka ya 2000 ikielekea ukingoni wakaja na jibu: simu ya mezani ambayo waya yake ni hewa, mtandao wa CDMA. Ina sura ya simu ya ofisi, ina mkono wake wenye waya iliyojikunja, lakini haichomekwi ukutani isipokuwa kwa stima. Ishara inashika kwa antena kama simu ya mkononi. Mwishoni mwa 2007 France Telecom ikanunua asilimia 51 ya Telkom, na 2008 jina la Orange likaja.

Mathe alinunua moja akaiweka kwa duka. Watu walikuwa wanakuja kupiga kwa dakika. Mimi nilikuwa darasa la nne na kazi yangu ilikuwa kushika saa.

Halafu anti yangu aliye Marekani akatutumia kodlesi mpya, mikono miwili, zawadi ya Krismasi. Kosa la kwanza tulilifanya dakika ile ile. Anti alikuwa ametia kwenye boksi kile kipande cha kugeuza plagi ili iingie kwa soketi ya Kenya. Plagi ikaingia vizuri. Lakini kipande kile kinageuza miguu ya plagi tu, hakigusi stima. Adapta ilikuwa ya volti 120, za kwao. Soketi yetu inatoa 240. Tulisikia mlio mdogo, kisha harufu ya plastiki, kisha mathe akapiga ile plagi na kiko cha mbao mpaka ikatoka. Pazia lilikuwa karibu kama futi moja hivi. Maandishi yote yalikuwepo mgongoni mwa adapta, kwa herufi ndogo: INPUT 120V. Hakuna aliyesoma. Adapta salama ya huku huandikwa 100-240V au 220-240V, na inachukua sekunde tatu kuangalia.

Fundi wa kona akatupatia adapta nyingine, akahakikisha volti na ampea za upande wa kutoa zinalingana na za kitako, na pia ncha ina chanya na hasi upande ule ule. Simu ikawaka. Ile mashine ya CDMA ilikuwa na tundu dogo nyuma, la kuchomekea simu ya kawaida, kwa hiyo kitako cha Marekani kikaungwa hapo. Cheki hiyo: redio imechomekwa kwa redio. Wao walitumia kodlesi kukata waya fupi, sisi tuliitumia juu ya waya ambayo haikuwahi kuwepo. Mathe aliupenda ule mkono vibaya sana. Anafunga duka, anapanda ngazi hadi chumba chetu, na bado anapokea simu za wateja.

Kitu nimekuja kujua ukubwani: simu kama hiyo haikuwa imetengenezewa hewa yetu. Marekani waliipa kodlesi zao za kidijitali megahetsi 1920 hadi 1930. Ulaya DECT inakaa 1880 hadi 1900. Na huku kwetu, kuanzia 1920 kwenda juu ndiko simu za 3G zinapigia kelele kwa mnara. Kwa hiyo inawezekana tulikuwa tunaharibia majirani intaneti bila kujua. Wakiambia watu wa ng'ambo wasitume kodlesi kama zawadi, si kiburi.

Lakini usiku ninaoutaka ni mwingine. Ilikuwa 2009, mvua kubwa, stima ilikuwa imepotea tangu mchana. Kama saa tano usiku jirani wa chini akagonga. Mke wa kaka yake alikuwa ameshikwa na uchungu kabla ya wakati, na damu ilikuwa inatoka. "Mama, tafadhali, tupigie teksi." Simu za mkononi zilikuwepo kwenye ploti, si ati hazikuwepo. Moja haina chaji, nyingine haina credit, na ya mathe ilizimika jioni. Kila mtu alijua duka lina simu, ndiyo maana walikuja kwetu.

Mathe akachukua mkono wa kodlesi. Umewaka, kioo kiko sawa, betri imejaa. Akabonyeza. Hakuna mlio. Akabonyeza tena. Kioo kinaandika kwamba kinatafuta kitako. Na hatukuelewa, kwa sababu kwa akili zetu simu ilikuwa ule mkono. Kitako hakina betri. Stima ikipotea, kitako kinakufa, na mkono unabaki kuwa tochi.

Simu ya waya ya zamani haikuwa hivyo. Ile ilikuwa inaletewa umeme wake na waya yenyewe, kama volti 48, kutoka kituo cha simu, na kule kituoni kulikuwa na mabetri makubwa. Mtaa mzima ungekuwa giza na simu bado inalia. Hicho ndicho kitu tuliambiwa tumeruka. Watu wa Lavington walikuwa nacho miaka na miaka na hawakujua ni kitu, kwa sababu hakikuwahi kuwakosa.

Ile mashine ya CDMA ilikuwa na betri ndani. Ilikuwa hai! Ilikuwa imekaa nyuma ya gunia la unga na taa yake ndogo inawaka. Lakini mkono wake wa waya tulikuwa tumeuchomoa miezi iliyopita kwa sababu unajaza meza, na hakuna aliyekumbuka ulipo. Tulitafuta kwa mshumaa. Nakumbuka mathe akimwaga droo nzima sakafuni, misumari, risiti, vifungo. Mimi ndiye niliupata, chini ya kitanda, kwa mfuko wa karatasi wa sukari. Namba ya dereva wa teksi ilikuwa imehifadhiwa ndani ya kodlesi, kwa hiyo nilisimama nikimulika kioo chake na kusoma tarakimu moja moja, na mathe akizibonyeza kwa ile nyingine.

Dereva alikuja. Mtoto ni msichana, sasa yuko sekondari, na mama yake bado ananiita "mwenye simu".

Kuanzia siku hiyo ule mkono wa waya haukuchomolewa tena. Mathe aliandika namba za dharura na ya teksi kwa kalamu ya wino mzito, akabandika ukutani, zisikae ndani ya kifaa. Stima ikipotea tulichomoa adapta zote, kwa sababu hurudi na nguvu na huko ndiko vitu huungua. Na fundi alitukanya kuhusu betri: za kodlesi ni za kuchajiwa, na ukitia zile kavu za tochi kisha uuweke mkono kwenye kitako, kitako kitajaribu kuzichaji, zitavuja au zipasuke. Jirani mmoja alifanya hivyo. Hakuumia, lakini meza yake ina alama mpaka leo.

Mtandao wa CDMA wenyewe baadaye ulizimwa. Mashine ya mathe ikawa uzito wa kuzuia mlango.

Mwezi uliopita vijana wa faiba walipita kwenye ploti wakiuza intaneti ya nyumba, na mmoja akasema naweza kuchomeka simu ya mezani kwa ruta, hata kodlesi. Nikamuuliza stima ikipotea inakuwaje. Akaniangalia kama mzee. Akasema, "Si uko na simu ya mkono, bro?" Nikamuuliza ruta ina betri. Akasema naweza kununua nyingine ndogo ya kuishikilia, inauzwa tu. Kwa hiyo ipo, mtu asipouliza haambiwi. Na tayari kuna zahanati ndogo na shule za watoto hapa zinazotumia simu za aina hiyo mapokezi. Sijui ni ngapi zimejaribu kuzima swichi kuu mchana mmoja, dakika mbili tu, waone kama simu italia.

Mathe ameniambia nitupe ile katoni. Nimetoa betri kwanza, zimeota unga mweupe kwenye ncha, nimezifunga kwa karatasi peke yake. Mkono wa waya wa CDMA hakuniruhusu kuutupa. Ameurudisha kwa ule mfuko wa sukari.