Barazani kwa Bibi

Nyumba aliyozaliwa bibi yangu Mji Mkongwe, Unguja, sasa ni hoteli. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilitaifishwa. Tukabakiwa na chumba kimoja, vingine wakapewa wapangaji. Mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji kwenye Urithi wa Dunia, na nyumba za mawe zikapanda bei. Wapangaji, nasi pia, tukahamia Ng'ambo.

Sikatai, bila fedha za watalii huenda kuta hizi zingeshaanguka. Lakini baraza ya nje, walipokaa wazee wakicheza bao na kunywa kahawa, sasa imepangwa mito ya hariri.

Juzi niliketi pale. Mlinzi, kijana wa rika langu, akaniuliza kwa adabu:

“Samahani dada, kuna mgeni unayemsubiri?”